Kikombe Kidogo cha Koko Nsimire

Vijana wangu wa nutrition, kazi yetu ya lishe ku hospitali, siku ya kuniaga mulinipa saa kubwa ya ukuta. Nashukuru. Mutu akishamaliza kazi na hana tena mahali pa kuchelewa, ndiyo munamupa saa. Iko juu ya kabati, inapiga vizuri, na muke wangu anasema inamukatisha usingizi wa muchana. Mulipoona sina maneno mengi mbele ya watu, muliniomba niandike. Basi naandika, kwa Kiswahili hiki chetu, kile tulitumia na mama za watoto ku mulango wa jiko. Vyeo sitavitaja, vilikuja polepole na havikunizuia kuosha sufuria. Mushahara munaujua wenyewe. Nitawaambia habari ya mwiko, ya masera mumoja mukali, na ya kikombe kimoja kidogo chenye kilinifundisha kazi wakati nilidhani nimeshaijua.

Nilifika hospitali nikiwa nimetoka tu shule, blouse nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nilikuwa na diplome, kalamu mbili ku mufuko, na Kifaransa kingi juu ya vitamini. Mukubwa wa service alikuwa Masera Godelive, mutawa mufupi mwenye sauti ya chini, na hakuna mutu alimuogopa mpaka pale alipoanza kuuliza maulizo. Alinitazama toka viatu mpaka kola. Kisha akanipa mwiko.

“Pika,” akasema.

Wakati ule watoto wenye njaa mbaya tulikuwa tunawapikia masoso, ule unga wetu wa mahindi, soja na sorgho, ndiyo mutama. Nilikuwa nimejifunza shuleni hesabu yake yote, ila hakuna mwalimu alituambia namna moshi unaingia mu macho. Nikapika. Masera akachota kikombe, nikadhani ataonja yeye, kumbe akanipa mimi. Kulikuwa mabonge juu, na chini ilikuwa imeungua.

“Ungekuwa mutoto, kesho ungerudi?”

“Hapana, Masera.”

“Basi pika tena. Diplome tutaisoma kesho.”

Hakuisoma hata siku moja. Nilipika juma nzima kabla hajaniruhusu kugusa balance ya kupimia watoto, na mama za watoto wakaanza kuniita Papa Masoso wakati hata mutoto sikuwa naye bado. Jina likakaa. Kuna watu mu Bukavu hii wanadhani ndilo liliandikwa ku kitambulisho changu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache, na nawaombea muvipende hata sasa vile mumepata vizuri zaidi. Balance ya kutundika, ile yenye mutoto anaingizwa ndani ya kaptula ya kitambaa na anapiga mateke kama anadai haki yake. Utepe wa kupima mukono. Kichujio cha waya, chenye nilikuwa nacho siku zote ndani ya sakoshi yangu ya begani, kwa sababu bouillie, ule uji wetu, ikiwa na mabonge ni bouillie ya kutapikwa. Baadaye tukapata mixeur ya umeme, ya kusagia. Ilikuwa inafanya kazi siku zenye courant iko, maana yake ilikuwa inapumuzika sana, na ikaishi maisha marefu.

Kisha nikatumwa Sange, kule chini ku plaine, lile bonde la Ruzizi, ku joto lenye linakumaliza nguvu kabla ya saa ya kazi. Kulikuwa mutoto mumoja haongezeki uzito. Mama yake alikuja kila juma, alijibu kila ulizo vizuri kuliko wengine kati yenu, unga alichukua, na mushale wa balance ulibaki pale pale. Masera alipokuja kututembelea nilimuelezea kwa hasira kidogo. Nilimuambia mama huyu anatudanganya.

Masera akauliza, “Kwao, nani anashika kijiko?”

Sikujua. Tukaenda mpaka nyumbani. Kijiko kilikuwa mukononi mwa nyanya ya mutoto, maana mama alikuwa shambani tangu asubuhi. Na yule nyanya, kwa moyo muzuri kabisa, alikuwa anaongeza maji ndani ya bouillie ili itoshe watoto wote wa nyumba. Kumulisha mumoja na wengine wanatazama, kwake ilikuwa haya kubwa. Masera hakumukaripia. Alikaa naye chini, wakapika sufuria mbili, ya mugonjwa na ya wengine, na nyanya mwenyewe akagawa. Mutoto akaongezeka.

Njiani Masera akaniambia, “Usimutazame mugonjwa peke yake. Tafuta mwenye kushika kijiko.” Nikajibu ndiyo Masera, na kwa kweli nilikuwa nafikiria chakula changu cha muchana. Maneno yale yalingoja miaka mingi kabla ya kunirudilia.

Miaka ikaenda. Masera akafariki, nikarudi Bukavu, na wagonjwa wakaanza kubadilika. Wale wa njaa hawakuisha, munawaona kila siku. Lakini ku mulango uleule wakaanza kuja watu wa sukari, wa tension ya damu, watu wenye magoti yamekataa milima yetu. Mimi mwenye nilikula mukate wangu kwa kuwaambia watu waongeze, sasa nilikuwa nawaambia wapunguze. Ni kazi ngumu hapa kwetu. Mutu akikuambia “umenenepa” anakusifu, na anasifu bwana yako pia. Ukikonda, majirani wanaanza kukutafutia ugonjwa, na hawakosi.

Ndipo akaja Maman Noëlla. Alikuwa préfète, ndiye mukubwa wa shule moja ya wasichana, anakaa Muhumba, mwanamuke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Bwana yake alikuwa anafanya kazi Shabunda na kurudi mara moja moja. Sukari na uzito vilikuwa vimemufikisha mahali pa kupumuzika mara ngapi ku escalier, zile ngazi za shule, kabla ya kufika ofisini kwake, na wanafunzi wanapita wanamusalimia kwa huruma. Huruma ya wanafunzi ndiyo ilimuchokesha. Kaka yake anayeishi Ulaya akamupeleka India, wakamupunguza tumbo.

Kwa wale kati yenu hawajamuona mugonjwa wa namna hii: ule mufuko wa chakula wenyewe unakatwa, unabaki mwembamba kama ndizi moja. Njaa inapungua, chakula kinaingia kidogo sana, uzito unashuka mbio. Lakini mwili haujui kama ni docteur ndiye amefanya. Unadhani ni njaa ya vita. Usipoupa proteini unaanza kula nyama yake wenyewe, mikono inalegea, nywele zinaanguka, kidonda kinakawia kupona. Na ile proteini utaipitisha wapi, kama nafasi ni ndogo hivyo? Ndiyo sababu wanapewa poudre, unga laini wa proteini. Inakorogwa ndani ya maziwa ao maji, mugonjwa anakunywa tone kwa tone muda wa siku nzima, na maji ya kiu anayakunywa mbali na chakula. Vitamini juu yake, kila siku, bila kujionea huruma.

Maman Noëlla alitoka India na mikebe ya ile poudre ndani ya valise ya safari, na alipopita kwangu mara ya kwanza alikuwa ananifundisha mimi. Nilimupenda siku ileile. Mara ya pili aliletwa. Alikuwa ameanguka asubuhi wakati wa kupandisha bendera, mbele ya shule nzima. Perruque, zile nywele za kununua, ilikuwa imehama kidogo, na chini yake nikaona ngozi ya kichwa. Aliniambia miguu inamufanya ganzi.

“Poudre unakunywaka?” nikamuuliza.

“Kila siku, Papa Masoso.”

“Yote?”

“Yote. Hakuna inabakia.”

“Na inakaa ndani?”

Akatazama dirisha. “Ingine inatoka.”

Docteur wetu, kijana lakini mwenye akili imetulia, hakucheza na ile ganzi. Mutu mwenye amepunguzwa tumbo na anatapika kila siku anaishiwa vitamini B1 haraka, na ukikimbilia serum, ile maji ya sukari ya kutundika, bila hiyo vitamini unaweza kumuharibu mishipa ya fahamu na kichwa. Akapigwa sindano ya B1 kwanza. Hilo mulishike hata kama mengine yote mutayasahau. Kisha wakamuangalia ndani, wakakuta njia iko wazi, hakuna mahali imeziba. Docteur akasema, kama kutapika hakuishi, tutamulaza na kumulisha kwa mupira wa pua, ao arudishwe kwa wenye walimupasua, na kwa ile hali yake safari ilikuwa inatutia woga.

Maman Noëlla akanishika mukono. “Wakinilaza hapa, bakwetu watasema ni mwisho. Watanibeba kijijini nikafie kule. Papa Masoso, miye sikufanya operesheni ju ya kufa. Nilitaka tu kupanda ile escalier bila kupumuzika.”

Nilimuogopea. Niliona uso wake na nikaogopa kabisa, mimi mwenye nilishaona watoto wengi wakienda. Na hapo ndipo Masera Godelive akanirudilia, na sauti yake ya chini.

“Maman Noëlla, hii poudre nani anakutengenezea?”

“Mama mukwe,” akajibu, na akainamisha macho kama musichana.

Docteur alimuruhusu arudi kwanza kwao, sindano za B1 ziendelee, na kesho yake nikaenda Muhumba, na sakoshi yangu na kichujio ndani. Mama mukwe alikuwa anaitwa Nsimire, wajukuu wanamuita Koko Nsimire, koko ndiye nyanya, na sisi wote tukafuata wajukuu. Alikuwa ametoka Kabare akaacha mashamba yake na mbuzi zake kwa majirani, juu ya kumuuguza muka mwana wake. Alikuwa mwembamba, kitenge kimefungwa kwa nguvu, rozari shingoni. Aliposikia mimi ndiye Papa Masoso akafurahi, akaniketisha karibu na mbabula, jiko lake la makaa, makala imewaka vizuri.

“Ungojee uone vile namupikia,” akasema.

Akafungua mukebe wa poudre ya India, akanusa, akaimwaga ndani ya maji yenye yalikuwa yanatokota. Akaongeza unga wa mahindi ili ikamate. Akaongeza sukari, na mukono wake haukuwa na uchoyo. Mwiko aliuzungusha vizuri kuliko mimi siku ya kwanza, hilo nalikubali. Akajaza bakuli kubwa, ya kulisha mutu aliyezaa mapacha, akaiweka mbele ya Maman Noëlla ikiwa bado inatoa moshi. Kisha akakaa mbele yake, mikono juu ya magoti, akitazama.

Maman Noëlla alipokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Akala mpaka chini, jasho linamutoka, akarudisha bakuli kwa mikono miwili. Koko akatazama ndani, akaona ni tupu, uso wake ukafunguka. Maman Noëlla akasimama polepole, akasema anaenda kuangalia nguo ku kamba. Tulimusikia nyuma ya nyumba.

“Unaona?” Koko akaniambia kwa uchungu. “Anakulaka yote, halafu anatapikaka. Ile operesheni baliifanya mubaya.”

Munajua desturi zetu, lakini nitaiandika juu ya wale wanatoka mbali. Mutu mwenye tumbo limepasuliwa, kwa Koko ni sawa na mwanamuke wa césarienne, aliyepasuliwa ili azae: anapewa kitu cha moto, kizito, kimepita ku jiko. Kumupa kitu kibaridi juu ya kidonda ni kumutakia kifo. Kwa hiyo poudre yenye haijapikwa, kwake ilikuwa unga mubichi. Na ile poudre ukiichemusha inakamata kama yai. Proteini haifi, inabaki, lakini inakuwa mabonge, na mabonge hayapiti mahali pembamba. Sukari nyingi nayo inashuka mbio, moyo unapiga, jasho linatoka. Tena kuna jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Kwetu muka mwana harudishi bakuli ya mama mukwe na kitu ndani. Kuirudisha hivyo ni kumuambia mikono yako ni mibaya.

Nilimufuata Maman Noëlla nyuma ya nyumba. Alikuwa ameegemea ukuta, anajipanguza.

“Ju ya nini hukuniambia?”

“Ningekuambia nini? Yule mama aliacha mashamba yake ju yangu. Anaamukaka kabla ya watu wote kuwasha makala. Nimurudishie bakuli nusu, namna hii?” Akatikisa kichwa. “Heri nitapike, Papa. Kutapika hanionake.”

Nikarudi kwa Koko nikiwa na hotuba nzima kichwani, na neno proteini ndani yake mara nyingi. Nilimukuta anasugua ile bakuli kwa majivu. Alisema bila kunitazama.

“Papa, miye nilizika mutoto yangu mwanamuke. Alianzaka hivi hivi, nywele kwanza, kisha mikono. Baliniambia, Mama, muache, atakula njaa ikimushika. Nikangojea. Huyu sitamungojea. Nitamupikia mpaka makala iishe mu Bukavu.”

Hotuba yangu ilikufa pale pale. Nilimuelewa. Yule mama hakuwa mupishi mubaya. Alikuwa anapigana na kaburi, na silaha aliyokuwa nayo ni mwiko. Kumunyanganya ningemuua yeye kwanza.

Basi sikumunyanganya. Nilitoa kichujio, nikamuomba kile kilichobaki ndani ya sufuria, nikamwaga. Maji yakapita. Juu ya waya yakabaki mabonge meupe.

“Koko, haya ndiyo yanagonga mulango,” nikamuambia. “Na mulango wake wamemuachia mudogo.”

Akayagusa kwa kidole, akayafinya.

“Kwa hiyo ni mimi,” akasema.

“Hapana, Koko. Ni mukebe, haukukuambia. Sasa unifundishe, maziwa unayachemushaka namna gani?”

Hapo akapata nguvu. Akachemusha maziwa, mpaka yakapanda na kushuka, jinsi alivyotaka yeye. Nikamuambia tuyangojee yapoe mpaka yawe kama maji ya kumuosha mutoto muchanga. Hakuhitaji thermomètre, aliweka kiwiko chake. Ndipo tukatia poudre, nje ya moto, kidogo kidogo, akikoroga, na ikayeyuka bila bonge. Unga wa mahindi tukaurudisha kabatini, na sukari pia.

“Maziwa imepita ku moto,” akasema, akijitetea mbele ya mutu asiyeonekana. “Na poudre je?”

“Poudre ilishapikwa kule inatoka.”

“Nani alipika?”

“Mashine.”

Alinitazama kwa huruma, lakini akakubali. Ikabaki kikombe. Nilichagua ku kabati kikombe cha kahawa, kile kidogo kabisa. Koko akasema hicho ni cha watoto kuchezea. Nikamuambia tumbo lenyewe ndivyo lilivyo sasa. Halafu nikaeleza kwamba kati ya tone na tone mutu lazima angojee, na Maman Noëlla, mutu wa kengele za shule, alikuwa anakunywa kama anachelewa. Koko akauliza kungojea kiasi gani. Kabla sijajibu alivua rozari shingoni.

“Tone moja, nusu fungu la rozari,” akasema. “Mukono ku kikombe, kinywa ku Salamu Maria. Hautaweza kukimbia.”

Saa yenu ya ukuta ni nzuri, vijana wangu, lakini haijawahi kumunywesha mutu polepole. Rozari ya Koko Nsimire ilifanya hivyo kuanzia siku ile. Asubuhi kabla ya shule, saa ya pause Koko alipeleka thermos mwenyewe mpaka ofisi ya préfète, jioni tena. Wasichana wa shule walidhani ni sala za novena.

Kutapika kukapungua, halafu kukawa kwa mara moja moja. Ganzi ikaondoka polepole. Kitu kimoja tu kilikataa. Nilikuwa nimemuambia Koko kwamba siku tumbo likisema basi, ni basi, hata kikombe hakijaisha. Akasema ndiyo. Nilimuambia Maman Noëlla vilevile. Akasema ndiyo. Na kila mara nilipopita kwao, kikombe kilirudi kitupu, na Maman Noëlla amekaza uso kwa tone la mwisho. Zile siku chache alizotapika, ilikuwa juu ya hilo tone. Mabonge nilikuwa na kichujio chake. Kwa aibu ya muka mwana sikuwa na chombo.

Mikebe ya India ikaisha, na ile tuliyopata ku mapharmacie ya hapa, nyingi ilikuwa sukari yenye picha ya mutu wa misuli. Tukageukia soko. Unga wa soja iliyokaangwa vizuri, tukaupika sana, kwa sababu soja mbichi inapiganisha tumbo, kisha ndani ya maziwa, kisha ku kichujio. Koko alifurahi kupita kiasi: hatimaye kitu cha kupika. Alitaka kuongeza na unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na mimi, kwa kichwa changu chote cha nutritionniste, nikasema wazo zuri. Tulijaribu. Sambaza ndani ya maziwa ya vuguvugu ni kitu sitakisahau. Maman Noëlla alicheka mpaka akashika kidonda, na kile kicheko kikubwa nilikuwa sijakisikia tangu alipoanguka. Sambaza wakahamia ndani ya supu ya chumvi, na hapo wakakaa vizuri. Nilipotazama ile sufuria ya soja nikaona nimezunguka miaka yangu yote nikarudi ku masoso, ila mahindi na sorgho vimeachwa njiani.

Nywele zikaanza kurudi, fupi na ngumu kama za mutoto. Perruque Maman Noëlla akamupa dada yake.

Halafu ikafika harusi ya binti yake mukubwa, na mimi nikaalikwa, na muke wangu. Salle ilijaa. Mama wa bibi harusi alikuwa amevaa kitenge kipya, kimeshonwa kwa mwili wake mupya, na nilisikia nyuma yangu watu wakiuliza kwa sauti ya chini kama bado ni mugonjwa. Ndipo wakina shangazi wa upande wa bwana yake wakaja na sahani. Bugali, nyama ya mbuzi, sombe ya majani ya muhogo, yote juu ya nyingine. Mukubwa wao akaiweka mbele yake na akabaki amesimama.

“Mama wa bibi harusi hakulake?” akasema, na meza zote za karibu zikasikia. “Ao byakula byetu bimekuwa bichafu? Tunaona vile umeisha. Kula, tuone.”

Maman Noëlla alitazama sahani. Nilimuona anafikiri kile alichofikiri kila siku nyuma ya ile nyumba, kwamba heri kutapika kuliko aibu. Bwana yake alikuwa meza ya mbali, na wageni. Mukono wake ukaenda ku bugali, akamega. Nilianza kusimama, muke wangu akanivuta koti, na alikuwa na haki, mimi ningesema nini pale.

Mukono mwingine ukafika kwanza. Koko Nsimire alichukua sahani, akaiweka juu ya magoti yake mwenyewe, akatoa lile tonge mukononi mwa muka mwana wake na kulitia kinywani. Akatafuna kwanza, kisha akasema.

“Sahani hii ni yangu. Huyu, ni miye ninamulishaka.”

Na akatoa ndani ya kikapu chake thermos na kile kikombe cha kahawa. Akamwaga. Akashika rozari, hapo hapo ku harusi, muziki unapiga, na shangazi bado amesimama. Maman Noëlla akanywa tone. Koko midomo inatembea. Akanywa lingine. Watu wakachoka kutazama, wakarudi kwa mbuzi wao. Mimi sikuchoka.

Kabla kikombe hakijaisha, Maman Noëlla alisimamisha mukono. Akatazama ndani. Kulibaki kidogo, labda kiasi cha kijiko kimoja, na nilijua uso ule wa kukaza kwa tone la mwisho, nikaungojea. Haukuja. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele ya mama mukwe wake, mbele ya shangazi, mbele ya kila mutu.

“Mama,” akasema, “nimeshiba.”

Koko Nsimire alipokea kwa mikono miwili. Akatazama ndani, vilevile alivyotazama bakuli siku ile ya kwanza, na akaona kile kilichobaki. Kisha akakinywa yeye, mpaka chini, akapanguza kikombe kwa ncha ya kitenge chake na kukirudisha ndani ya kikapu.

“Basi,” akasema. “Kesho tena.” Na akavuta sahani karibu, akaendelea na bugali.